Waliponiunganisha na Mume Wangu Mara ya Pili

Mara ya kwanza niliunganishwa na mume wangu kanisani, kwa hiari yangu, nikiwa nimevaa gauni la kuazima. Mara ya pili tuliunganishwa na serikali, kwa barua, nikiwa nimekaa uani nachambua mbegu za viazi. Hiyo ya pili hakuna aliyeniuliza kama nimekubali, ingawa ndani ya barua neno "shirikishi" lilitajwa mara tatu.

Barua zenyewe zilikuwa mbili. Zililetwa Jumamosi na mwendesha bodaboda aliyetumwa na mtendaji wa kata. Alisimama pale uani, akatoa bahasha mbili za kaki, akasoma ya kwanza: "Mtendaji, kijiji cha juu." Nikapokea. Akasoma ya pili: "Mtendaji, kijiji cha chini." Nikapokea na hiyo. Akanitazama.

"Mama, kwani we ndo mtendaji wa vijiji vyote viwili?"

"Hapana," nikamwambia. "Huyo mwingine amelala."

Mimi nilikuwa afisa mtendaji wa kijiji cha juu, kule mlimani kwenye ukungu, mbao na viazi. Mume wangu alikuwa mtendaji wa kijiji cha chini, kilichojipanga kando ya barabara ya vumbi iendayo Igowole. Majina ya vijiji sitayataja, kwa sababu wenyeji wake wako hai na hawasahau kitu. Tulipooana nilikuwa nafanya kazi upande mwingine wa mkoa, nikaomba uhamisho wa kumfuata mume, na kwa bahati ambayo serikalini huja mara moja katika maisha ya mtu, kijiji cha jirani kilikuwa hakina mtendaji. Tukapanga nyumba chini. Kila asubuhi yeye alitembea hatua chache hadi ofisini kwake, chumba cha kupanga nyuma ya duka, na mimi nilipanda kilima kwa dakika arobaini hadi kwangu. Tuliishi hivyo miaka tisa na hatukuwahi kugombana kuhusu kazi, maana kila mmoja alikuwa na mihuri yake na wagomvi wake.

Nasema wagomvi kwa upendo. Mtu wa kijijini serikali yake ni mtendaji. Hao wengine wote ni sauti redioni. Mtendaji ndiye anayekuandikia barua ya utambulisho ukitaka kitambulisho, mkopo, au kumtolea mtu dhamana. Ndiye anayeitwa mipaka ya shamba ikihama usiku kwa miguu yake yenyewe, na ndiye anayesuluhisha waliopigana baada ya ulanzi, ile pombe ya mianzi ambayo msimu wake ukifika kazi yangu ilikuwa ikiongezeka mara mbili.

Basi nikamwamsha mwenzangu, tukasoma barua zetu, kila mmoja ya kwake, ingawa zilifanana hadi kosa la herufi. *Yahusu: kuunganishwa kwa vijiji. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.* Tulihusika. Barua ilieleza kwamba ili kuongeza ufanisi, kupunguza gharama na kusogeza huduma karibu na wananchi, vijiji vyetu viwili vitakuwa kimoja, chenye ofisi moja, mwenyekiti mmoja na mtendaji mmoja. Ofisi itakuwa chini, barabarani. Mwishoni tukatakiwa utekelezaji mwema.

Mume wangu alikunja barua yake vizuri akaiweka mfukoni. "Mtendaji mmoja," akasema.

"Nimesoma."

"Watatangaza usaili."

"Nimesoma, baba."

Akauliza chakula kiko tayari saa ngapi. Hapo nikajua tayari ameshaanza kampeni.

Mkutano wa kutangaza jambo hili kwa wananchi ulifanyika kijijini kwangu, kwenye uwanja wa shule. Mtendaji wa kata alikuja mwenyewe. Ni mtu mpole, mzaliwa wa kanda nyingine kabisa, aliyependa kuvaa koti la suti hata juu ya jezi ya mpira. Alisoma barua yote, kisha akasema kwamba badiliko hili ni la kihistoria na linawasogezea wananchi huduma. Bibi mmoja, ambaye mashamba yake yako nyuma kabisa ya mlima, akanyoosha mkono.

"Kamwene, mheshimiwa. Sasa hivi mimi nikitaka barua natembea nusu saa. Hiyo ofisi mpya iko wapi?"

"Iko barabarani, bibi."

"Basi inasogezwa karibu na nani?"

Mtendaji wa kata akasema ni swali zuri sana na atalichukua. Alichukua maswali mengi siku ile. Sijui alikoyapeleka, lakini naamini yanatunzwa vizuri.

Likaja suala la jina. Kamati ilikuwa imekaa huko wilayani, ikachukua nusu ya jina la kijiji cha juu na nusu ya jina la kijiji cha chini, ikayaunga ili asionewe mtu. Mtendaji wa kata alipolitamka, watu walitazamana. Wazee waliinamisha vichwa. Kinamama walivuta khanga wakaziba midomo. Jina lile, kwa Kihehe, linakaribia sana lile neno tunalolitumia kwa kuku anayesinzia kabla hajafa kwa kideri. Ilibidi mimi nimnong'oneze. Akanisikiliza, akafuta uso kwa leso, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada yangu, kibao kimeshachorwa."

Kibao kipo hadi leo, pale njia panda. Herufi zake ni nzuri.

Usaili ulifanyika wilayani. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilipiga pasi ya mkaa shati lake jeupe na blauzi yangu ya bluu, shati kwanza. Tulisafiri pamoja kwa gari la alfajiri, tumekaa kiti kimoja, mafaili yetu magotini. Njiani akaniomba nimkumbushe misingi ya utawala bora, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeihifadhi. Nikamkumbusha. Akaisema yote, akasahau uwajibikaji, nikamrudisha, akaisema tena. Tulipofika alikuwa anaisema vizuri kuliko mimi.

Jopo lilikuwa na watu watatu, wanaume wawili na mama mmoja aliyekuwa akiandika tu. Mume wangu aliingia kwanza. Akatoka akitabasamu. "Wameuliza misingi ya utawala bora," akaniambia. Nilifurahi kwa ajili yake, kama mwalimu anavyofurahi.

Mimi sikuulizwa misingi. Yule aliyekaa katikati alipitia fomu yangu, akapandisha miwani. "Mama, hapa naona mwombaji mwenzako ni mumeo."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sasa ukipata nafasi hii wewe, nyumbani itakuwaje? Mzee utamwongoza vipi?"

"Nyumbani hatuna kijiji, mheshimiwa. Tuna vyumba viwili na sebule."

Mama aliyekuwa akiandika aliinua kichwa, akaniangalia, akarudi kuandika. Aliyekaa katikati akasema asante, tutawasiliana. Nilijua tayari. Ninayo hii tabia ya kujibu maswali ninayoulizwa, imenigharimu mengi.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Mume wangu ndiye mtendaji wa kijiji kipya. Mimi nilipangiwa kituo katika ofisi ya kata, "kusimamia kumbukumbu za kipindi cha mpito." Kumbukumbu zenyewe zilikuwa rejista zangu kumi na moja, ambazo nilizibeba mwenyewe kutoka mlimani kwenye viroba vya viazi, pamoja na muhuri wangu, ambao mtendaji wa kata aliupokea kwa mikono miwili, akautia kwenye droo, akaifunga. Meza niliyopewa ilikuwa ya kwangu peke yangu. Kiti tulitumia kwa zamu na mtu wa kilimo, naye kwa bahati nzuri mara nyingi alikuwa shambani.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Mbeya. "Ndaga, mwanangu," akasema, akishukuru kwa Kinyakyusa kabla hata hatujasalimiana. "Nimesikia mumeo kapanda cheo. Umemwombea vizuri."

Hakupanda cheo chochote. Daraja lake lilikuwa lilelile na mshahara uleule. Kilichoongezeka kilikuwa mlima. Lakini sikumwambia. Mama mkwe ana shinikizo la damu.

Mwenye duka ambalo ofisi ilikuwa nyuma yake alikuwa mzee wa Kiislamu, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa safi kiasi kwamba sisi wengine tukiwa mbele yake tulichagua maneno. Siku ya kwanza nilipopita kununua chumvi akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, tulizoea kukuita mtendaji. Sasa ada inatutaka tukuiteje?"

"Niite tu mama."

"Wanasema sasa ni mke wa mtendaji."

"Na jana nilikuwa nani?"

Akafikiri kidogo huku anapima chumvi. "Jana pia ulikuwa mke wa mtendaji," akasema. "Ila hatukuwa na nafasi ya kuliona hilo." Akaniongezea chumvi kidogo juu ya mizani.

Sasa niseme ukweli kuhusu mume wangu, kwa sababu nikiendelea hivi mtamdhania mtu mbaya. Si mbaya. Hanywi kupita kiasi, anafua soksi zake, na siku majibu yalipokuja hakufurahi mbele yangu. Alikwenda kufurahia dukani. Tatizo lake lilikuwa moja tu: katika miaka tisa hakuwahi kupanda ule mlima ila kwenye misiba, tena kwa pikipiki. Watu wa juu aliwajua kama mtu anavyowajua ndugu wa mkewe, yaani kwa sura na kwa madeni ya salamu. Na sasa walikuwa wananchi wake.

Mwezi wa kwanza akaweka bango kwenye chemchemi ya juu: ni marufuku kunywesha mifugo. Sheria ndogo ilisema hivyo, na bomba la kijiji cha chini linatoka pale. Asichojua ni kwamba mzee mwenye ng'ombe wale alikuwa amechimba birika lake hatua thelathini chini ya chanzo, tulivyokubaliana mimi naye kwa mdomo, na ng'ombe hawakugusa maji ya mtu. Mzee aliposomewa bango aliswaga ng'ombe wake akaondoka. Mume wangu akaitisha mkutano wa watu wa juu, Jumatano saa tatu asubuhi. Walikuja watu kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuwa wanapita kwenda mashineni kusaga.

Jioni ile alikaa jikoni kwenye kigoda, nami nasonga ugali.

"Hivi yule mzee wa ng'ombe," akaanza, kama anayeuliza habari za hali ya hewa, "ni mtu wa namna gani?"

Nikamwambia ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ang'oe bango, asimwandikie barua, amwombe tu alifukue birika upya kabla ya kiangazi kuanza. Akatuma mgambo na ujumbe huo. Baada ya siku tatu birika likawa jipya na mkutano uliofuata ukajaa. "Unaona," akaniambia. "Wananchi wanataka tu kushirikishwa."

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Yeye alitawala mchana, mimi nikatawala kati ya saa kumi na mbili na ugali kuiva. Mpaka upi una ugomvi wa zamani, nani asiwekwe na nani kwenye kamati moja, mjane yupi barua yake iandikwe leo hata kama hana picha. Watu wa juu nao hawakuwa wajinga. Waliotaka barua waliteremka mlima, wakapita mbele ya ofisi, wakazunguka hadi mlango wetu wa nyuma. Mimi naandika, yeye anagonga muhuri. Ufanisi uliongezeka kweli, hilo siwezi kulikana. Gharama pia zilipungua, maana mimi nilikuwa bure.

Mwaka ulipokwisha ulikuja ugeni mzito kutoka wilayani kuangalia jinsi muungano ulivyofanikiwa. Palipigwa turubai, watoto wa shule wakaimba. Kijiji chetu kikatajwa kuwa cha mfano, na mume wangu akapewa cheti chenye fremu. Akaombwa kusema machache. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu, na kinamama wenzangu wakanigusa kiwiko. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru mkuu wa wilaya, mkurugenzi, mtendaji wa kata, wenyeviti wa vitongoji, mgambo, na wananchi wote kwa ujumla wao. Nilisubiri. Akawashukuru waliopika chakula. Nikasema moyoni, basi nimo humo, kwa kuwa wali ule niliupika mimi.

Tulirudi nyumbani akiwa amebeba cheti chake kwapani. Alipata msumari, akakitundika sebuleni, akauliza kama kimekaa sawa. Nikamwambia kimeinamia upande wa mlimani kidogo. Akakirekebisha.

Sikumfokea. Sikulia. Nilifanya jambo dogo tu: kesho yake jioni, alipokaa kwenye kigoda na kuanza, "Hivi wale ndugu wawili wa kwenye kona," nikasema, "Sijui."

"Hujui? Si ulikaa nao miaka tisa?"

"Nilikuwa mtendaji wao. Sasa wana mtendaji mwingine. Kamuulize."

Alidhani natania. Ilimchukua siku nne kujua kuwa sitanii. Na walipokuja watu mlango wa nyuma, niliwapa kigoda na maji ya kunywa, nikawaelekeza mbele, kwa adabu.

Ndipo likaja suala la zahanati.

Kila kijiji kati ya vile viwili kilikuwa kimejenga kuta za zahanati kwa nguvu za wananchi, kikaishia hapo kikisubiri serikali iezeke. Kuta kama hizo sisi tunaziita boma. Boma la juu nalijua tofali kwa tofali. Matofali tuliyafyatua wenyewe kule bondeni, na kinamama waliyapandisha kichwani, wawili wawili, kiangazi kizima, mimi nikiwa nao na ngata yangu. Yule bibi aliyeuliza huduma inasogezwa karibu na nani alibeba hadi tulipomkataza, akaendelea kubeba tukiwa hatuoni. Sasa halmashauri ilikuwa na bati za boma moja, na kijiji kilikuwa kimoja. Mtendaji alete pendekezo.

Mume wangu alipendekeza boma la chini. Nitakuwa mwongo nikisema alikosea. Gari la wagonjwa linafika chini. Juu, mvua ikinyesha, hata pikipiki hulala njiani. Mimi mwenyewe ningeulizwa na halmashauri ningelazimika kusema hivyohivyo. Ila kuna kupendekeza, na kuna kwenda kuwaambia waliobeba.

"Mama," akaniambia jioni hiyo, na hakukaa kwenye kigoda, alisimama mlangoni. "Wewe wanakusikiliza. Ungepanda kesho, ukawaeleza kwa lugha yao."

"Hapana."

"Nakuomba."

"Baba, cheti kiko ukutani kwa jina la nani?"

Akaangalia sebuleni, kana kwamba alihitaji kuhakikisha. Kisha akaenda kulala.

Asubuhi alivaa buti akapanda. Peke yake, bila mgambo. Mvua ilianza saa nne na haikukatika. Ilipofika saa kumi hajarudi, nikaanza kutoka nje kila baada ya muda mfupi kwa visingizio vya kuku. Nilimwona akiteremka kwenye ile njia ya miti, ameloa, anatembea taratibu kama mgonjwa, na mkononi amebeba kitu amekikumbatia kifuani. Alipofika nikaona ni tofali.

Aliliweka juu ya meza ya jikoni. Nikampa taulo na chai. Alikunywa nusu kikombe kabla hajasema.

"Hawakunitukana," akasema. "Nilijiandaa kutukanwa."

"Walifanya nini?"

"Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha yule bibi akanipeleka kwenye boma. Akanionyesha ukuta, huu alijenga nani, huu nani. Halafu akachukua hili lililobaki pembeni akanipa. Akasema, kwa kuwa zahanati yetu inahamia chini, naomba unisaidie kulipeleka, mimi magoti hayawezi tena."

Nikamwongezea chai.

"Ni zito," akasema. "Njia ile ni mbaya sana. Nimeanguka mara mbili. Sikujua ni mbali hivyo."

"Miaka tisa," nikamwambia. Sikuisema kwa hasira. Ilikuwa hesabu tu.

Akaniangalia, na nadhani ndiyo siku ya kwanza aliyoiona ile njia nikiwa ndani yake. "Nilipaswa kukutaja siku ile," akasema. "Kwenye turubai. Niliogopa watasema natawaliwa na mke."

"Na ulikuwa unatawaliwa."

"Ndiyo maana niliogopa."

Nilicheka, kwa sababu hilo lilikuwa jibu la kweli, na majibu ya kweli nyumbani kwa watumishi wawili wa serikali ni adimu. Tofali alilipeleka mwenyewe kesho yake kwenye boma la chini na kumwambia fundi alitie ukutani kabla ya bati. Fundi akamwambia ukuta umeshakwisha. Wakalitia kwenye ngazi ya kuingilia.

Akaandika pia barua wilayani kuomba boma la juu nalo liezekwe. Jibu lilikuja, refu na lenye heshima, likisema ombi limepokelewa na litazingatiwa kadiri hali itakavyoruhusu. Wakati huo lile boma lilikuwa limeota nyasi ndani, na mbuzi walishaanza kupata huduma.

Miezi michache baadaye ikaja bahasha nyingine ya kaki, moja safari hii. Nilihamishiwa kijiji kimoja karibu na Ilula, Kilolo, kama mtendaji, kwa maslahi ya umma. Ni mwendo wa siku nzima kwa usafiri wa kuunga. Watoto wetu wawili walikuwa bweni, kwa hiyo nyumba ingebaki na mtu mmoja na cheti. Serikali iliyotuunganisha ili kupunguza gharama sasa ingelipia nauli yangu ya uhamisho.

Mume wangu alisoma barua mara mbili. "Naweza kuandika pingamizi," akasema. "Kanuni zinaruhusu. Mke asitenganishwe na mume."

"Unanitaka nibaki kama mke, au kama rejista ya kijiji cha juu?"

Angeweza kusema kama mke. Wanaume wengi wangesema hivyo, na mimi ningebaki. Alikuna kidevu. "Vyote viwili," akasema.

Nilimshukuru kwa kutonidanganya, nikaanza kufunga mizigo. Siwezi kudai nilienda kwa maslahi ya umma. Nilienda kwa sababu barua ilisema mtendaji, na chini yake hakukuwa na neno lingine lolote.

Ilula ni joto ukitoka kwetu. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikiamka natafuta ukungu. Watu wangu sasa ni wa nyanya na vitunguu, wana haraka, wanasuluhishana wenyewe na kuja kwangu wakiwa tayari wamepatana, wanataka tu muhuri. Hakuna mlima wa kupanda. Hakuna anayejua mume wangu ni nani, na wakiuliza nasema ni mtumishi, yuko Mufindi. Wananionea huruma. Siwakatazi.

Mume wangu huja Jumamosi moja moja. Basi likisimama tu, kinamama wanalikimbilia na ndoo za nyanya hadi madirishani, naye kila safari hushuka na ndoo moja. Nimemweleza kwamba hapa nyanya ndicho kitu pekee nisichohitaji kuletewa. Anasema yule mama aliyemuuzia alimwita mheshimiwa.

Siku hizi anapika. Alijifunza kwa shida, lakini makande yake yanalika. Jumamosi iliyopita alikuwa anakoroga sufuria, mimi nimekaa nasoma fomu, akasema, "Kuna wale ndugu wawili wa kwenye kona," kisha akanitupia jicho.

"Endelea."

"Hapana. Nilishamaliza nao."

Akanisimulia alivyowamaliza: alivyopanda mara nne, alivyowakalisha, alivyopima shamba kwa kamba mbele ya majirani wote, Kihehe chake kilivyochekwa na bado wakasikilizana. Nilisikiliza hadi mwisho. Aliposema kamba ilifungwa kwenye mti gani, nikaona makosa mawili, moja dogo na moja litakaloleta ugomvi mpya mvua zikianza.

Nikamwambia lile kubwa. Dogo nikamwachia.